Sponji, Vinaili, Jipsamu na Mpira wa Mlango: Tathmini ya Vifaa vya Kuzuia Sauti katika Chumba cha Kurekodia

Kati ya vifaa nilivyovijaribu kwa lengo la kukigeuza chumba cha kawaida kuwa studio ya kurekodia, kilicholeta matokeo makubwa kuliko vyote ni mpira wa kuziba kingo za mlango, na kilicholeta matokeo madogo kuliko vyote, katika kazi iliyotangazwa kwenye paketi yake, ni sponji ya ukutani iliyochongwa kwa umbo la piramidi. Ninaitanguliza hukumu hii kwa sababu wanunuzi wengi hufuata njia iliyo kinyume chake. Hununua sponji kwanza kwa kuwa ndiyo inayoonekana katika picha za kila studio, huibandika ukuta mzima, kisha hushangaa kwamba mlio wa pikipiki ya barabarani bado unaingia kwenye maikrofoni na kwamba ngoma zao bado zinawaamsha majirani.

Chumba nilichofanyia majaribio kina kuta tatu za matofali zilizopigwa plasta, ukuta mmoja mwepesi wa bodi za jipsamu unaokitenganisha na chumba cha pili, mlango wa mbao ulio mtupu ndani, na dirisha moja la kioo. Njia ya kupima ilikuwa moja kwa kila kifaa: spika ilitoa mvumo uleule ndani kwa kiwango kilekile, kipimo cha sauti kikawekwa mahali palepale nje, na kilichoangaliwa ni tofauti kabla na baada ya kifaa kufungwa. Simu yenye programu ya kupima desibeli inatosha kwa kazi hii, kwa sababu hata kama namba zake si sahihi kabisa, kasoro yake ni ileile katika vipimo vyote viwili, na hivyo tofauti inayopatikana huwa ya kuaminika. Katika kuisoma tofauti hiyo, inafaa kujua kwamba badiliko la desibeli 3 hutambuliwa na sikio kwa shida, ilhali punguzo la desibeli 10 husikika kana kwamba sauti imepungua kwa nusu.

Kazi zinazotakiwa katika chumba cha kurekodia ni mbili, na vifaa havina budi kupimwa kwa kazi hizo. Kazi ya kwanza ni kuizuia sauti isipite kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Kazi ya pili ni kuizuia sauti iliyomo ndani isirudi kutoka kwenye kuta, sakafu na dari ikaingia tena kwenye maikrofoni kama mwangwi. Ya kwanza hutaka uzito, kuziba kila mwanya, na kuzitenganisha pande mbili za ukuta zisigusane. Ya pili hutaka kitu chepesi chenye vinyweleo ambamo hewa hupenya kwa taabu na nguvu ya sauti ikageuka kuwa joto. Kwa kuwa masharti haya yanapingana, kifaa kinachofaulu katika kazi moja hufeli karibu kila mara katika nyingine, na muuzaji anayeahidi zote mbili kwa kipande kimoja chepesi anastahili kuulizwa maswali.

Sponji ndiyo mfano ulio wazi. Vipande vya polyurethane vyenye unene wa sentimita 5 vina uzito wa kilo moja hadi moja na nusu hivi kwa mita ya mraba. Kanuni ya uzito, ambayo wahandisi wa sauti huitegemea kwa makadirio ya kwanza, inasema kwamba ukuta ukiongezwa uzito mara mbili hupunguza sauti inayopita kwa desibeli zisizozidi 6. Ukuta mwepesi wa jipsamu wenye kilo 20 kwa mita ya mraba ukibandikwa sponji hiyo huwa umeongezewa chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na kwa hesabu hiyo faida haifiki hata desibeli moja. Katika ukuta wa matofali faida ni sifuri kwa vitendo, na vipimo vyangu vilithibitisha hivyo: baada ya kubandika sponji ukuta mzima, kipimo cha upande wa pili hakikubadilika kwa kiasi ambacho sikio lingeweza kukitambua.

Ndani ya chumba hali ilikuwa tofauti, na hapa sponji inastahili haki yake. Makofi yaliyokuwa yakijibiwa na mlio mkali wa kurudiarudia kati ya kuta mbili zinazotazamana yalikufa papo hapo. Hata hivyo, sponji ya unene huo hufyonza sauti nyembamba kwa ukamilifu na kuiacha sauti nzito karibu ilivyo. Sababu yake ni urefu wa mawimbi. Sauti husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20, kwa hiyo wimbi lenye masafa ya Hz 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 34, na wimbi la Hz 100 lina urefu wa mita 3.4. Kifyonzaji chenye vinyweleo hufanya kazi vizuri pale unene wake, pamoja na nafasi iliyo nyuma yake, unapokaribia robo ya urefu wa wimbi. Kwa Hz 100 robo hiyo ni sentimita 86. Matokeo ya kufunika kuta zote kwa sponji nyembamba ni chumba kilichopotelewa na ung'avu wote huku mvumo wa besi ukibaki, na sauti ya msimulizi aliyerekodiwa humo husikika kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kasoro hiyo ni ngumu kuirekebisha baadaye kwenye kompyuta kuliko mwangwi mdogo wa kawaida.

Kuna jambo lingine kuhusu sponji ambalo ningependa kila mnunuzi alitangulize kabla ya rangi na umbo. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station huko Rhode Island, Marekani, cheche za fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya polyurethane iliyokuwa imebandikwa ukutani kwa ajili ya sauti, na watu 100 wakafa. Januari 2013 mkasa wa namna hiyohiyo ulitokea katika ukumbi wa Kiss, mjini Santa Maria, Brazil, ambako sponji ya dari ilishika moto na watu 242 wakapoteza maisha. Sponji hizo hutoa moshi wenye sumu kali, na huwaka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kutafuta mlango. Studio ni chumba kidogo, chenye nyaya nyingi, mara nyingi bila dirisha na chenye mlango mmoja mzito. Sponji isiyo na cheti cha kupimwa kwa moto haifai kuingizwa humo, hata ikitolewa bure.

Sasa nije kwenye mlango, ambako nilitumia muda mwingi na ambako sijutii hata dakika moja. Hesabu ya mwanya ni kali kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wenye tundu lililo wazi la asilimia 1 ya eneo lake hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20, hata kama sehemu nyingine yote imejengwa kwa zege la nusu mita. Mwanya wa sentimita 1 chini ya mlango wenye upana wa sentimita 90 unaonekana mdogo, lakini katika ukuta wa mita 10 za mraba unatosha kuufanya ukuta wote usizuie zaidi ya desibeli 30 hivi. Anayejenga ukuta wa gharama na kuuacha mwanya huo ni kama anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Seti niliyoitathmini ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni ukanda wa mpira laini wenye uwazi ndani, unaozunguka miimo miwili na kizingiti cha juu. Ya pili ni ubapa wa alumini wenye mpira unaoshuka wenyewe mlango unapofungwa na kuziba sehemu ya chini, kwa msaada wa kitufe kinachosukumwa na fremu. Ya tatu ni kizingiti cha chini kilichonyooka, ambacho mpira huo hukikalia. Sehemu ya pili ndiyo inayotofautisha seti nzuri na mbaya, kwa sababu ufagio wa nywele au ukanda wa kubandika unaouzwa kwa kuzuia vumbi hupitisha hewa, na panapopita hewa sauti hupita.

Kuna majaribio mawili ya kujua kama mpira umekaa sawasawa, na hayahitaji chombo chochote. La kwanza ni kuwasha taa kali ndani usiku, kuzima taa zote za nje, kisha kutazama kingo za mlango kutoka nje: kila mstari wa mwanga ni njia ya sauti. La pili ni kufungia kipande cha karatasi kati ya mlango na mpira, kisha kukivuta polepole. Karatasi ikitoka bila kukwama, mpira haujabanwa mahali hapo. Ikichanika au ikigoma, umebanwa. Nililifanya jaribio la karatasi kwa kuuzunguka mlango mzima, na kona ya juu upande wa bawaba ndiyo iliyoachia. Ilibidi bawaba ya juu ifunguliwe, iwekewe kipande chembamba cha kadi nyuma yake, na kufungwa upya, ndipo mlango ukakaa. Maelekezo yaliyokuja na seti hayakuitaja hatua hii, na hiyo ni kasoro ya kweli, maana mpira mzuri kwenye mlango uliopinda haufanyi kazi.

Mlango wenyewe ulikuwa mtupu ndani, na mlango wa namna hiyo, hata ukizibwa vizuri, hauna uzito wa kuzuia kitu. Hapa ndipo shiti za vinaili nzito zilipopata nafasi yao. Shiti hizi ni laini, zina unene wa milimita 3 hivi na uzito wa karibu kilo 5 kwa mita ya mraba, na sifa yake kubwa ni kwamba ni nzito bila kuwa ngumu, hivyo hazilii kwa mtetemo kama ubao mwembamba unavyolia. Kwenye mlango wa kilo 8 kwa mita ya mraba, kanuni ya uzito inatabiri faida ya desibeli 4 hivi, na nilichokisikia kiliafikiana na makadirio hayo. Kwenye ukuta wa matofali wenye kilo 200 na zaidi kwa kila mita ya mraba, shiti ileile huongeza sehemu ndogo tu ya desibeli moja, kwa hiyo kuibandika hapo ni kupoteza kifaa kizuri. Mtu anayeanza upya asisumbuke na mlango mtupu. Aweke mlango wa mbao nzima ndani, wenye unene wa milimita 44 au zaidi, kisha autie mpira. Vinaili ibaki kwa wale wasioruhusiwa kuubadilisha mlango.

Swali la kilo ngapi kwa mita ya mraba nimeliona kuwa na msaada kuliko maneno yote yaliyo kwenye paketi. Wauzaji hupenda kutaja vipimo viwili, STC na NRC, na mnunuzi huviona kama vyeti. STC hueleza ni kiasi gani ukuta au mlango huzuia sauti isipite, lakini huhesabiwa kwa masafa ya kuanzia Hz 125 hadi Hz 4000 tu. Nyuzi ya chini kabisa ya gitaa la besi hutoa Hz 41, na pigo la ngoma kubwa hukaa kati ya Hz 50 na Hz 100. Kwa hiyo ukuta wenye STC ya kupendeza unaweza kuipitisha besi kama kwamba haupo. NRC nayo ni wastani wa ufyonzaji katika Hz 250, 500, 1000 na 2000, na haihusu kabisa kuzuia sauti isipite. Nimekutana na sponji zinazotangazwa kuwa zinazuia kelele za nje kwa uthibitisho wa NRC ya juu. Namba ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya kazi nyingine.

Ukuta mwepesi ulikuwa na shida kubwa kuliko kuta nyingine, na ndio ulionipa nafasi ya kutathmini bodi za jipsamu pamoja na gundi ya kupoza mtetemo. Gundi hii hupakwa kati ya bodi mbili na haikauki ikawa ngumu. Hubaki kama utomvu, na bodi zinapotaka kutetemeka hulazimika kuivuta huku na huko, nguvu ya mtetemo ikaishia humo kama joto. Bodi ya pili peke yake huongeza uzito. Gundi huongeza jambo ambalo uzito haulitoi. Kila bodi ina masafa ambamo huachia sauti kwa urahisi usio wa kawaida, na kwa jipsamu ya milimita 12.5 masafa hayo huangukia karibu na Hz 2500 hadi 3000, eneo ambalo sikio la binadamu husikia vizuri sana na ambamo konsonanti za maneno hubebwa. Kabla ya kazi, mazungumzo ya chumba cha pili yaliweza kufuatwa neno kwa neno. Baada ya kazi ulibaki mvumo usio na maneno. Gundi huchukua wiki kadhaa kukomaa, kwa hiyo anayepima siku ya pili na kukata tamaa anapima mapema mno.

Ningependa kutaja hesabu moja kuhusu kuta za tabaka mbili, kwa sababu inaeleza ni kwa nini mafundi wengine hupata matokeo mabaya kwa vifaa vizuri. Tabaka mbili zenye hewa katikati hutenda kama vitu viwili vizito vilivyounganishwa kwa springi, na zina masafa yake ya kuvuma ambamo ukuta hupitisha sauti badala ya kuizuia. Tabaka za kilo 10 kwa mita ya mraba kila moja, zikiwa na nafasi ya sentimita 10, huvuma kwenye Hz 85 hivi. Kila upande ukiongezwa bodi ya pili, mvumo hushuka hadi Hz 60. Nafasi nayo ikiongezwa hadi sentimita 20, hushuka hadi Hz 42. Ukuta huanza kuzuia vizuri juu ya masafa hayo, ndiyo maana uzito na nafasi ya hewa huenda pamoja. Anayejenga tabaka mpya sentimita 2 tu mbele ya ukuta wa tabaka mbili uliopo huwa ametengeneza tabaka tatu zenye springi fupi, na katika besi huweza kupata ukuta mbaya kuliko ule aliouanzia. Bora abandike bodi moja kwa moja juu ya bodi ya zamani kwa gundi hiyo, kama nilivyofanya, au abomoe upande mmoja na kujenga upya kwa nafasi kubwa.

Dirisha linafuata kanuni hiyohiyo. Vioo viwili vya milimita 4 vyenye nafasi ya milimita 12, ambavyo hutengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi joto, huvuma karibu na Hz 245, katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Kuviamini kwa sababu tu ni viwili si sahihi. Kizibo cha ubao mzito kilichokatwa kwa kipimo cha dirisha, kikazungushiwa mpira uleule wa mlango na kuachwa sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye kioo, kilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, na huondolewa kazi inapokwisha. Pazia zito halifanyi kazi hiyo, ingawa hupunguza mlio wa kioo ndani ya chumba. Kuhusu trei za mayai sina la kusema zaidi ya kwamba ni karatasi nyepesi, hazizuii sauti, hufyonza kidogo tu, na zinashika moto.

Skrubu, silikoni na soketi ni mambo madogo ambayo hayaandikiwi matangazo, lakini nimeyaona yakiharibu kazi nzima. Skrubu moja ndefu inayopita kutoka tabaka la ndani hadi kwenye fremu ya tabaka la nje huunganisha kile kilichotenganishwa kwa gharama. Soketi mbili zinazopeana mgongo katika ukuta mmoja ni dirisha lisiloonekana. Viungo vya bodi na sakafu vizibwe kwa gundi ya kuziba ambayo hubaki laini, kwa sababu plasta ngumu hupasuka nyumba inapotulia, na ufa mwembamba kama unywele ukiwa na urefu wa ukuta mzima ni eneo kubwa.

Kwa ajili ya mwangwi wa ndani, kifaa nilichokipa alama za juu ni paneli za sufi ya mawe. Sufi hii hutengenezwa kwa kuyeyusha mwamba na kuusokota kuwa nyuzi. Haiungui, na bamba lake la sentimita 10 hushuka chini katika besi kwa kiasi ambacho sponji ya kawaida haikaribii. Niliyoitumia ilikuwa na msongamano wa kilo 50 hivi kwa mita ya ujazo, imefungwa kwenye fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120 na kufunikwa kitambaa. Kitambaa kinafaa kama mtu anaweza kupuliza pumzi ikapita hadi upande wa pili. Kikizuia pumzi, kitairudisha sauti kabla haijaifikia sufi. Nyuzi huwasha ngozi na koo wakati wa kukata, hivyo glovu na barakoa ni lazima mpaka kitambaa kifungwe. Paneli zikiachwa sentimita 10 kutoka ukutani hufanya kazi ya paneli nene zaidi bila gharama yoyote, na zikiwekwa kwenye kona, ambako besi hujikusanya, mvumo mzito wa chumba hutulia kwa namna inayosikika mara moja.

Idadi ya paneli haipaswi kukisiwa. Wallace Clement Sabine, aliyeanza utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895 kwa kuhamisha mito ya viti kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia, alituachia kanuni inayotosha kwa kazi hii: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ukigawanywa kwa jumla ya eneo linalofyonza. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina ujazo wa mita za ujazo 30. Ili mwangwi wake uwe sekunde 0.3, kiwango kinachofaa kwa usimulizi na uimbaji, kinahitaji ufyonzaji wa mita za mraba 16 hivi, ambao ni zaidi kidogo ya robo ya kuta, dari na sakafu yake vikijumlishwa pamoja. Zulia, kochi na mtu mwenyewe vinachangia sehemu ya eneo hilo. Kufunika kila sentimita ya ukuta, kwa hiyo, ni gharama inayoharibu sauti.

Mahali pa kuweka paneli pana uzito kuliko wingi wake. Ngao ndogo zinazozungushwa nyuma ya maikrofoni hupendwa kwa wepesi wake, lakini maikrofoni nyingi za kurekodia sauti husikiliza zaidi upande wa mbele, na kilicho mbele yake ni mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma ya mwimbaji. Mwangwi unaorudi kutoka ukuta huo huingia moja kwa moja, na ngao haiugusi. Paneli mbili zilizosimamishwa nyuma ya mgongo wa msimulizi zilisafisha rekodi kwa kiasi ambacho ngao haikufikia, ilhali ngao ilileta rangi ya sauti ya kisanduku kwa kuwa sehemu yake ya chuma ilikuwa karibu mno na mdomo. Siipendekezi.

Chumba kikishazibwa, hewa huwa tatizo la kwanza, na ni ajabu kwamba wauzaji wengi wa vifaa hivi hawalitaji. Waimbaji wawili katika chumba kidogo kisichopitisha hewa huanza kuchoka na kuumwa kichwa kabla ya wimbo kukamilika, na kiyoyozi cha ukutani hakisaidii kwa kuwa huzungusha hewa ileile. Suluhisho ni visanduku viwili vya njia ya hewa, kimoja cha kuingiza na kimoja cha kutoa, vilivyojengwa kwa ubao mzito, vyenye vizuizi ndani vinavyoilazimisha hewa kupinda kona kadhaa, na kuta zake zikiwa zimebandikwa sufi. Hewa hupinda; sauti hupoteza nguvu katika kila kona. Njia iwe pana kuliko inavyoonekana kuhitajika, kwa sababu hewa inayopita polepole haipigi mluzi, na feni iwekwe mwisho ulio mbali na chumba, iwe kubwa na inayozunguka taratibu. Visanduku nilivyovitumia vilitengenezwa na seremala kwa mchoro, na sikuona cha dukani kilichovizidi.

Kwa yule aliyepanga nyumba na asiyeruhusiwa kugusa kuta, vibanda vilivyotengenezwa tayari ni chaguo la kweli, kwa masharti. Kibanda kizuri ni kizito, hivyo uwezo wa sakafu uulizwe kabla ya kukiagiza, hasa katika ghorofa. Kikae juu ya vipande vya mpira ili mtetemo wa hatua za watu usipande hadi kwenye stendi ya maikrofoni. Na njia yake ya hewa isikilizwe ikiwa imewashwa, maana nimesikia feni ya kibanda ikiingia kwenye rekodi kuliko kelele ya barabara iliyozuiwa. Ndani huwa kidogo, na chumba kidogo kina mivumo yake ya besi iliyo juu zaidi, kwa hiyo kinafaa kwa maneno kuliko kwa gitaa la besi. Muuzaji aombwe jedwali la kiasi kinachozuiwa katika kila masafa, kuanzia Hz 63 hadi Hz 4000. Akiwa na namba moja tu ya kutaja, na namba hiyo haijaeleza imepimwa mlango ukiwa umefungwa na feni ikiwa inafanya kazi, kibanda hicho kiachwe dukani.